Darubini ya dola 300 na fundi anayekataa kazi: uzoefu wangu Texas

Kila Septemba simu zinaanza. Watanzania wenzangu, Wakenya, Wakongo wa Abilene na Houston, wameshaonja nyama ya kulungu na sasa wanataka kuwinda wenyewe, na swali ni lile lile: kaka, ninunue darubini gani ya bunduki? Jibu langu halipendwi. Nawaambia watafute fundi wa bunduki kwanza, darubini itafuata. Naandika kwa urefu ili nipumzike kulirudia kwenye simu.

Bunduki yangu ni Remington 700 ya risasi .308 Winchester, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Darubini yake ya kwanza nilipendekezewa kwenye duka moja kubwa la vifaa vya michezo: 6-24x50, ndefu, nyeusi, inapendeza kwenye picha. Kwa asiyezoea, namba za mwanzo ni ukuzaji, kutoka mara 6 hadi mara 24, na ya mwisho ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Kijana wa kaunta aliifunga bure wakati nalipa, akaniambia sasa ni kwenda porini tu.

Uwanja wa shabaha ulisema vingine. Kwa yadi 100 risasi mbili zilikaa jirani, ya tatu ikaenda shubiri nzima kushoto, ya nne ikarudi kwa wenzake. Nikabadilisha aina ya risasi, hali ile ile. Boksi la risasi 20 za .308 huku ni kati ya dola 25 na 50, kwa hiyo uchunguzi wa namna hiyo unaweza kula pesa kuliko darubini yenyewe. Ubaya wa darubini iliyofungwa vibaya ni kwamba kosa lake linajificha nyuma ya kila kitu: utailaumu risasi, upepo, bega lako, hata kahawa uliyokunywa asubuhi. Halafu boliti, ile sehemu ya chuma inayosukuma risasi ndani na kufunga nyuma ya mtutu, ilikuwa imeanza kukwama ninapoifunga, jambo ambalo halikuwepo kabla ya siku ile ya dukani.

Mtu wa benchi la jirani akanielekeza kwa mzee mmoja, fundi wa bunduki mwenye karakana nyuma ya nyumba yake, upande wa mji wa Llano. Wenyewe wanaiita Llano makao makuu ya kulungu wa Texas, na kweli, mchana mwingine unawakuta wamesimama kwenye bustani za watu wanakula maua.

Nilimwambia mzee bunduki haina kitu ndani. Hakunijibu. Aliielekeza mtutu pasipo na mtu, akafungua boliti, akachungulia chemba, pale risasi inapokaa, akaingiza kidole kuhakikisha, kisha akaichomoa boliti kabisa na kuiweka mezani. Ndipo akanisalimia. Kwangu hicho ndicho kipimo cha kwanza cha fundi. Yule wa dukani aliipokea na kuanza kukaza skrubu huku anaendelea kuongea na mwenzake.

Kipimo cha pili ni karatasi. Marekani, anayefanya kazi hii kama biashara lazima awe na leseni ya serikali kuu inayotolewa na ATF, idara inayosimamia silaha. Ya mzee imetundikwa ukutani, unaisoma ukiwa mlangoni. Bunduki ikilala kwake inaandikwa daftarini: mtengenezaji, modeli, namba yake, aina ya risasi, tarehe, jina la mwenyewe. Ikitoka, inaandikwa tena. Kazi ndogo anayoimaliza siku hiyo hiyo na kukukabidhi haihitaji kuingia daftarini. Na ukiifuata mwenyewe hujazi ile fomu 4473 ya mnunuzi, kwa kuwa silaha inarudi kwa mtu yule yule aliyeileta. Ila usimtume shemeji akuchukulie. Kumkabidhi mtu mwingine ni kumpa silaha mbele ya sheria, na hapo fomu na ukaguzi wa rekodi zake vinahusika. Fundi aliye tayari kumpa bunduki yako yeyote atakayefika na kulitaja jina lako, mkimbie.

Kabla hajaigusa darubini alitaka kujua habari za kifyatulio. Aprili 2014 Remington ilitangaza kuzirudisha kiwandani Model 700 na Model Seven zenye kifyatulio cha X-Mark Pro zilizotengenezwa kuanzia Mei 1, 2006 hadi Aprili 9, 2014, kwa sababu baadhi zingeweza kufyatuka bila mtu kukusudia. Anayenunua 700 ya mkononi aanzie hapo, maana zimebadilisha wenyewe wengi na si kila mmoja alijisumbua kuipeleka. Yangu ni ya zamani kuliko hizo, kwa hiyo tangazo hilo halikuihusu. Nikaona nitumie nafasi, nikamwomba anilainishie kifyatulio. Akasema kwa bunduki ya kuwindia hashuki chini ya pauni 3 za nguvu ya kukivuta, anayetaka chini ya hapo aende kwingine. Alilisema kwa ukavu, sikupenda. Baadaye, asubuhi moja ya Novemba, vidole vimekufa ganzi kwa baridi ndani ya kibanda cha kuvizia, nikaona mantiki yake.

Ugonjwa wenyewe aliupata haraka. Skrubu ya mbele inayoshika reli, kile chuma juu ya bunduki kinachobeba darubini, ilikuwa ndefu mno, ncha yake inaigusa boliti. Za nyuma zilikuwa zimelegea kiasi cha kuzizungusha kwa vidole. Pete zinazolishika bomba la darubini, kinyume chake, zilikazwa hadi zikaliachia alama ya kubonyea. Akanieleza kwamba ndani ya bomba hilo kuna bomba jingine jembamba, ambalo ndilo linalosogea unapozungusha vitasa vya kurekebishia. Ukilibana la nje, la ndani linasogea linapotaka. Kwa hiyo risasi yangu ilikuwa na sababu zake za kutangatanga, na hakuna hata moja iliyohusu risasi.

Darubini ile niliirudisha kwa dhamana na nikakubali kuanza upya. Mzee hauzi darubini, hapati faida ukichagua hii au ile, na hilo lilinipa moyo wa kumsikiliza. Maswali yake yalikuwa mafupi: unawinda mnyama gani, umbali gani, saa ngapi? Hilo la saa ndilo ambalo dukani hakuna aliyeniuliza.

Texas kulungu unaruhusiwa kumpiga kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama. Na kulungu mwenye pembe nzuri hatoki saa nane mchana. Anatoka mwishoni kabisa, wakati majani na mnyama vimekuwa rangi moja. Hapo hesabu ni hii: gawanya upana wa lenzi ya mbele kwa ukuzaji, utapata upana wa mwanga unaofika jichoni. Ile 6-24x50 ikikuza mara 24 inatoa milimita 2.1 tu. Mboni ya jicho gizani hupanuka hadi kama milimita 7 kwa kijana, na hupungua kadiri umri unavyokwenda, kwa hiyo kwa milimita 2 unajinyima mwenyewe. Darubini ya 3-9x40 ikikuza mara 9 inatoa 4.4, na ukiishusha hadi mara 5 unapata 8, kuliko jicho linavyoweza kupokea. Ndiyo maana mwenye lenzi ndogo lakini anayejua kushusha ukuzaji jioni anaona kuliko mwenye lidude la dola 1,000 aliloliacha kwenye 24.

Umbali nao usikutishe. Maeneo ya kuwinda ya Hill Country, yaani vilima vya katikati ya Texas, mengi yana chombo cha kumwagia mahindi kwa saa maalumu, na kibanda kiko yadi 80 hadi 120 kutoka hapo. (Ndiyo, wanawalisha wanyama mahindi kwa makusudi, na ni halali. Babu yangu alikesha shambani akipiga debe kuwafukuza nguruwe pori wasile mahindi. Sijapata ujasiri wa kumsimulia.) Kwa umbali huo ukuzaji wa mara 24 ni kutafuta ugomvi: unamwona kulungu ubavu mtupu, hujui kichwa kiko upande gani, na kila pigo la moyo linatikisa picha.

Nikachukua Leupold VX-Freedom 3-9x40, kama dola 300. Kampuni ipo tangu 1907, na darubini hii inatengenezwa kwao Beaverton, Oregon. Bomba ni la inchi 1, kila kliki ya kitasa ni robo MOA (kipimo cha pembe), yaani karibu robo inchi kwa yadi 100. Jicho linakaa kama inchi 4 nyuma ya lenzi, nafasi ya kutosha bunduki isirudi ikakupasua nyusi. Dhamana ni ya maisha, hawakuulizi risiti. Vortex wa Wisconsin nao wana dhamana ya aina hiyo, kwa hiyo mwenye moyo na Vortex sigombani naye. Nimewahi pia kutazama kupitia Swarovski ya rafiki yangu, inayotoka Absam, Austria. Jioni inapendeza, inakupa dakika kadhaa zaidi za kuona. Lakini bei yake ni mara nyingi ya hii yangu, na dakika zenyewe nyingine zinaangukia baada ya muda wa sheria kwisha.

Kufunga kulimchukua mzee muda, akaniruhusu nikae nitazame. Alisafisha mafuta kwenye matundu ya skrubu kwa spiriti, akakata ile skrubu ndefu, akatia gundi ya buluu kidogo, ile ya kuzuia skrubu zisilegee, kwenye skrubu za reli lakini si kwenye za pete. Pete alizikaza kwa bisibisi yenye kipimo, akifuata karatasi ya mtengenezaji wa pete, kidogo huku kidogo kule, akilinganisha mwanya wa pande zote. Kwa pete nyingi za kuwindia kipimo ni pauni-inchi 15 hadi 18. Nilijaribu mwenyewe kuushika ule mpini na nikashangaa jinsi hiyo nguvu ilivyo ndogo, mkono mtupu ungepitiliza bila habari. Kisha akatundika timazi mwisho wa karakana, uzi wenye kipande cha madini ya risasi cha kuvulia samaki, akailaza bunduki ikiwa imepimwa kwa pima maji, na kuizungusha darubini hadi mstari wa wima wa alama ya kulengea ukalala juu ya uzi. Mstari ukiinama, kwa yadi 100 huoni kitu. Ukirekebisha kwa ajili ya yadi 300 risasi inaanza kukimbilia pembeni. Mwisho akachungulia kupitia mtutu wenyewe, boliti ikiwa nje, akalinganisha na darubini, ili shabaha ya kwanza uwanjani isikose karatasi.

Gharama yote, na ukaguzi wa kifyatulio humo humo: dola 60 na risiti ya mkono.

Uwanjani risasi tatu zilikaa ndani ya inchi moja na nusu kwa yadi 100, zikarudia hivyo hivyo bunduki ilipopoa. Kisha nikafanya jaribio alilonipa. Unapiga moja, unapandisha kliki 20, unapiga, kliki 20 kulia, unapiga, 20 chini, unapiga, 20 kushoto, unapiga. Ya mwisho lazima irudi ilipokuwa ya kwanza. Iliangukia karibu kabisa na tundu la kwanza. Nikaiacha ikipiga inchi 2 juu kwa yadi 100, ambako risasi ya .308 ya gramu 10 hivi inarudi kwenye mstari karibu na yadi 200, na sijazungusha kitasa tangu hapo.

Yasiyonifurahisha nayo yapo. Mzee hapokei simu, hachukui kadi, na ukifika Oktoba utaambiwa bila aibu kwamba bunduki yako itatoka msimu ukiwa umeshaanza. Pia ana chuki na chochote cha China, na hapo nadhani anakosea: bunduki yangu ndogo ya .22 ya kupigia makopo ina darubini ya Kichina ya bei ya chakula cha mchana cha watu wawili, na inatosha kabisa kwa kazi hiyo. Leupold yangu nayo haina mwanga kwenye alama ya kulengea. Texas nguruwe pori wanawindwa hata usiku, na tangu 2019 huhitaji leseni kwenye ardhi ya mtu binafsi ukiwa na ruhusa yake, kwa hiyo anayefikiria nguruwe kuliko kulungu aangalie kitu kingine, hasa zile darubini za kuona joto kama mfuko unaruhusu.

Wageni wenzangu, kabla ya yote haya angalieni karatasi zenu wenyewe. Mwenye kadi ya ukaaji wa kudumu anaweza kumiliki bunduki. Mwenye viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi kushika silaha wala risasi, ila kwa misamaha michache, mmojawapo ukiwa leseni halali ya kuwinda, na hilo ni la kumuuliza mwanasheria wa uhamiaji, si muuza duka. Aliyezaliwa Septemba 2, 1971 au baadaye anatakiwa pia awe na mafunzo ya mwindaji ili awinde Texas.

Mkitaka kwenda kwa fundi wa aina hii, nendeni Februari au Machi. Kipindi hicho hana foleni, na maneno anayo mengi.