TAHADHARI: Land Cruiser kuukuu "tayari kwa kazi" hapa Malindi, na fundi anayefuatana nazo

Ndugu zangu wa Malindi, Watamu na Mambrui, na nyinyi wa Mpeketoni, Hindi na Mokowe mnaokuja huku kutafuta pikapu ya kubebea samaki, maembe au mawe, kuna dalali hapa mjini anauza Land Cruiser za zamani, na kuna fundi anayemfuata nyuma. Wawili hawa ni kitu kimoja. Gari lenyewe huenda ukauziwa kwa bei ya haki kabisa, hata chini ya bei. Pesa wanayoiwinda ni ile utakayotoa baadaye, ukihangaika kulifanya gari litembee.

Sitaji jina. Analojiita silo lililo kwenye kitambulisho chake, laini za simu anabadilisha kila mara, na habari zake ziko polisi tayari. Nitakachowapa ni jinsi wanavyofanya kazi.

Mimi nimeendesha Land Cruiser za watalii miaka mingi, njia ya Langobaya mpaka Sala Gate na kuingia Tsavo Mashariki, kwa hiyo magari haya nayajua yakiwa mazima na yakiwa hoi. Aliyeuziwa ni shemeji yangu, mfanyabiashara wa samaki anayepakia Ngomeni. Tangazo lilisema: pikapu, modeli ya 2003, injini ya dizeli ya 1HZ, fowili (magurudumu yote manne kusukuma) inafanya kazi, haina tatizo lolote. Bei laki tisa na nusu, wakati wenzake wanaomba milioni na zaidi. Dalali alimpandisha, wakaenda kwa lami mpaka daraja la Sabaki na kurudi. Gari likavuta vizuri, shemeji akalipa.

Tuanze na hiyo 2003. Toyota ilibadilisha pikapu hizi mwishoni mwa 1999. Zile za kabla ya hapo, HZJ75, zina springi za mabamba mbele na nyuma, na gurudumu linafungwa kwa nati sita. Zilizofuata, HZJ79, mbele zina springi za koili, zilizoviringwa, nyuma zimebaki na mabamba, na nati ni tano. Pikapu ya shemeji ina nati sita na mabamba mbele. Hiyo ni ya miaka ya tisini, hata ukiiandikia 2010 kwenye mlango. Wala msidanganywe na herufi za namba ya usajili, kwa kuwa gari la serikali au la shirika likiuzwa kwenye mnada husajiliwa upya, na gari la zamani linaweza kuvaa namba ya juzi. Ukale si kosa, na HZJ75 ni gari la kazi hasa. Kosa ni kukuuzia umri wa gari jingine.

Sasa mchezo wenyewe. Shemeji alipomaliza kulipa, dalali alimwambia kwa upole, "Gari la zamani lazima lifanyiwe sevisi, kaka. Nina kijana wangu mwaminifu, atakuja kuliangalia bure." Kijana akaja kesho yake. Na gari kweli lilikuwa limeanza kukosa nguvu, ukikanyaga linajikongoja, hasa likiwa na mzigo. Fundi akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema pampu ya dizeli imekufa. Akaifungua, akasema anaipeleka Mombasa kupimwa, akarudi na nyingine "ya Japani", elfu themanini na tano. Gari likapata nguvu. Baada ya muda mfupi likarudi palepale. Safari hii akasema nozeli, vile vinyunyizio vya dizeli kwenye injini. Akang'oa zote sita, akaleta sita nyingine zinazong'aa, pesa tena. Likapona, likaugua. Alipoanza kuzungumza habari ya silinda hedi, ndipo shemeji akanipigia.

Nilichofanya ni kufungua tangi. Chini mlikuwa na matope ya kutu na maji. Filta ya dizeli ilikuwa imejaa uji mweusi. Ugonjwa wote ulikuwa pale! Ukiendesha taratibu, dizeli kidogo inapita na gari linatembea. Ukipakia na kukanyaga, injini inataka zaidi, filta imeziba, nguvu zinakwisha. Kila mara fundi alipobadilisha pampu au nozeli, kimyakimya alibadilisha na filta. Filta mpya ikampa siku za kusifiwa, mpaka tope la tangini lilipoijaza tena. Alijua. Fundi hawezi kufungua mfumo wa dizeli mara mbili asione uchafu ule.

Na zile pampu na nozeli alizoondoka nazo? Ndizo zilizokuwa nzima. Shemeji, kwa furaha ya siku ya kwanza, alikuwa amenitumia picha ya injini boneti likiwa wazi. Ukiivuta picha, kibati cha pampu kinaonekana na namba yake. Pampu iliyoko sasa haina kibati, imepakwa rangi ya fedha juu ya uchafu, na nati zake zina alama mpya za spana. Tukaipeleka wenyewe Mombasa kwenye mashine ya kupimia, tukakaa palepale mpaka ikapimwa. Imechakaa ndani. Kwa hiyo mtu analipia kitu kibovu ili kizuri chake kichukuliwe, na kizuri hicho kinauzwa kwa mwingine. Wenye gari wawili wa Gongoni, waliponisikia nikisimulia, walimtambua fundi kabla sijamaliza.

Kuna na hila nyingine nilizozikuta kwenye gari hilo, na mtu akikuuzia gari kwa njia hii utazikuta pia.

Fowili. Kijiti cha giya ndogo kipo, hab za kufunga kwa mkono katikati ya magurudumu ya mbele zipo, alama za H2 (nyuma peke yake), H4 (yote manne) na L4 (yote manne kwa giya nzito) zinasomeka. Shemeji alizama kwenye mchanga wa Ngomeni, akafunga hab, akaweka H4, magurudumu ya nyuma yakachimba, ya mbele yakatulia tuli. Nilipoingia chini nikakuta propela shafti ya mbele, chuma kirefu kinachopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele, haipo. Imefunguliwa yote. Kwenye lami hungejua kamwe, kwa sababu kwenye lami gari hili linasukumwa na nyuma peke yake. Kwa hiyo kabla hujalipa, ingia chini uone propela mbili, ya mbele na ya nyuma. Kisha funga hab zote mbili, acha kijiti kwenye H2, gari lisukumwe taratibu huku mtu akichungulia: propela ya mbele lazima izunguke. Isipozunguka, hab zimekufa au ndani ya difu, ile nyumba ya gia katikati ya ekseli, hamna kitu. Baada ya hapo nenda mchangani ukajaribu H4 na L4. Usijaribu H4 kwa kukata kona kwenye lami kavu, utaumiza gia za watu.

Moshi. Gari lilikuwa la moto walipofika kuliona, na hiyo haikuwa bahati. Injini ya dizeli iliyochoka huficha maradhi ikiwa imepashwa. Mwambie muuzaji utakuja asubuhi na gari lisiwashwe. Ukifika, weka mkono kwenye injini. Kama ni ya moto, rudi nyumbani. Ikiwa baridi, geuza ufunguo uone taa ya hita plagi inawaka na kuzima, taa ya oili na ya chaji zinawaka. Kwenye gari la shemeji taa kadhaa hazikuwaka kwa sababu balbu zilikuwa zimetolewa. Washa. Moshi mweupe kidogo wa mwanzo si hoja, ukiendelea injini ikishapata moto ni shida. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi ni dizeli nyingi au hewa kidogo, na mara nyingine ni filta ya hewa tu. Injini ikiwa inanguruma, fungua kifuniko cha kujazia oili. Pumzi ikitoka kwa nguvu na moshi, ringi za pistoni zimechoka. Vuta na kijiti cha oili pia. Hawa walikuwa wamemimina oili nzito ya giaboksi ndani ya injini ili kuziba kelele na moshi, na ilining'inia kwenye kijiti kama asali.

Chesisi. Hapa kwetu pwani ndipo panapoua magari, na pikapu nyingi zimefanya kazi kwenye chumvi ya Gongoni na Marereni. Chumvi hula chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari, kutoka ndani, hasa nyuma, karibu na vishikizo vya springi. Ukiona chini pamepakwa rangi nyeusi mbichi, nzito, usiseme gari limetunzwa. Beba nyundo ndogo na bisibisi. Gonga ukisikiliza. Chuma kizima kinalia, kilichooza hakilii, na bisibisi inaingia. Muuzaji akikukataza kugonga, ameshakujibu. Shemeji ana bahati kwa hili moja: chesisi yake ina kidonda kimoja tu cha kuchomelewa.

Kwa waliokwisha nunua, kutoka kwa huyu au kwa mwingine, msianze na pampu. Anzeni na vitu rahisi. Shusheni tangi lioshwe, badilisheni filta, fungueni kizibo cha chini ya filta mtoe maji, kagueni mipira ya dizeli kama inavuta hewa, halafu pampeni kwa mkono pale juu ya filta mpaka hewa iishe. Kwa pikapu ya shemeji hilo peke yake lilirudisha nguvu nyingi hata kwa pampu mbovu aliyopewa. Badilisheni oili yote: injini, giaboksi, giya ndogo, difu zote mbili. Angalieni zile tufe za chuma nyuma ya magurudumu ya mbele. Zikilowa mchanganyiko wa oili na grisi, sili zimekwisha.

Jambo la haraka kuliko yote ni mkanda wa taiming. 1HZ haina cheni, ina mkanda, na kwenye dashibodi kuna taa ya kukumbusha kilomita zikifika. Mkanda ukikatika, pistoni na vali hukutana, na hapo ndipo kweli utazungumza habari za silinda hedi. Kama muuzaji hana risiti ya kuonyesha ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haukubadilishwa. Yule fundi "mwaminifu" hakuugusa wala kuutaja. Tulipoufungua ulikuwa na nyufa.

Joto pia. Walikuwa wametoa themostati ili mshale ukae chini kwenye safari fupi. Tumerudisha themostati, tumeosha redieta, na sasa tunaona joto la kweli la injini. Injini hii hustahimili mengi, ila ikichemka mara kwa mara hedi hupasuka.

Ukimpelekea fundi yeyote gari, hata umjuaye tangu utotoni, piga picha za pampu, nozeli, dinamo na stata kabla hajagusa, namba zionekane. Tia alama yako ya rangi mahali pasipoonekana haraka. Kila kitu kilichotolewa kirudishwe mkononi mwako, kiwe kimekufa au kizima. Pampu ikienda kupimwa, nenda nayo. Mafundi wazuri wa hapa Malindi hawakasiriki ukifanya hivyo. Wanaokasirika ndio hao.

Upande wa makaratasi nitakuwa mfupi. Kabla ya kulipa, lipia utafutaji wa rekodi za gari kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, upande wa NTSA, mamlaka inayosajili magari, uone jina la mwenyewe na kama kuna mkopo juu ya gari. Namba ya chesisi imegongwa kwenye chuma cha chesisi upande wa kulia mbele, na ipo tena kwenye kibati ndani ya boneti. Zilingane, na namba ya injini pia ilingane na rekodi. Uhamisho uanzishwe na mwenye gari aliyeandikwa, si na dalali, na pesa iende kwake. Dalali wetu huyu huomba "ya kushikilia" kwa M-Pesa kwenye namba ya mtu wa tatu. Msitume.

Wiki hii ametoa tangazo jipya, pikapu nyeupe, picha zote za pembeni, ya chini ya gari hakuna hata moja. Walioliwa na hawa wawili, njooni na ujumbe wa M-Pesa, picha za zamani za injini na risiti kama mlipewa, mripoti polisi na mchukue namba ya OB (kitabu chao cha matukio), kisha mniandikie faraghani. Shemeji ripoti yake ipo tayari, na wale wa Gongoni wamekubali kuja. Afisa aliyetupokea alituambia wazi kwamba malalamiko ya mtu mmoja juu ya pampu ni vigumu kuyapeleka mbali, yakiwa ya watu kadhaa juu ya fundi yuleyule ni habari nyingine.