Kliniki ya chanjo Makadara: sindano safi, foleni taabu

Nilikwenda kudungwa chanjo ya homa ya manjano, nasafiri Kongo. Foleni ya kulipia, wallahi, inachosha: feni moja, watu tele. Ila muuguzi wa chumba cha sindano ni hazina. Nikamuuliza: "Dada, mbona dozi moja yatosha maisha?" Akanionyesha kichupa: unga mkavu, huchanganywa papo hapo. Ndani yake mna virusi hai vilivyodhoofishwa, aina ya 17D, ya tangu 1937. Kwa kuwa vinaingia ndani ya seli, mwili hautoi kingamwili tu. Huamsha pia seli T, askari wa kinga ya mwili, zinazoua seli zilizoambukizwa. Watafiti wanaosaka chanjo ya Ukimwi, akaongeza, nao wanazitaka seli hizo: huchagua vipande vya virusi visivyobadilika-badilika ili seli T zivilenge. Bei haikuniudhi. Nendeni asubuhi mapema.