Kuvua Nile kwa nzi wa bandia wakati wa kipupwe: uzoefu wangu na boti la mpira, Jinja

Kufikia saa moja asubuhi vidole vyangu vilikuwa haviwezi tena kufunga fundo. Uzi wa mwisho, ule unaoshika ndoano, ni mwembamba kama unywele, na tundu la ndoano lenyewe halipitishi hata punje ya ulezi. Manyunyu yalikuwa yananiingia shingoni, upepo unafuata mto, na simu inaonyesha nyuzi 16. Najua watu wa Kabale watasema hiyo si baridi. Lakini kaa saa sita ndani ya boti la mpira na nguo mbichi mwilini, utaijua. Naandika haya kwa ajili ya yeyote anayetaka kulipia safari ya namna hii kati ya Juni na Agosti, maana sisi tulikwenda bila kupata wa kumuuliza.

Tulikuwa wawili. Rafiki yangu ni mwalimu wa Bukoba aliyestaafu mwaka huu, na hata mimi ambaye hakunifundisha namwita Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Jinja, mtoto wa kambini. Kiswahili nilikipata huko huko kwa watoto wa askari wenzangu, na sasa nina duka la spea za pikipiki. Tulijuana miaka mingi iliyopita alipovuka Mutukula kuja kutafuta spea ya pikipiki ya shule, akakosa basi la kurudi, akalala kwangu. Utotoni alivua ziwani kwa mshipi na nyungunyungu kama watoto wote wa kwao. Hamu yake ya siku zote ilikuwa kuvua kwa ule ufito mrefu unaorusha mshipi hewani kama mjeledi. Alipostaafu nikampigia: Mwalimu, njoo, zawadi yako iko mtoni.

Nililipa shilingi 450,000 za Uganda kwa kila mmoja. Ndani ya bei hiyo kulikuwa na boti, mpiga kasia, fito, nzi wa bandia, chakula cha mchana, chai ya moto na makoti ya mvua. Makoti na chai nayataja makusudi, kwa sababu yalikuwa yameandikwa kwenye orodha waliyonitumia. Gari lao lilichelewa dakika 40, hilo nimelisamehe. Makoti yalikuja mawili, moja zipu imekufa, la pili limechanika kwapani. Nahodha wetu mwenyewe hakuwa na koti lolote.

Boti sina neno nalo. Ni la mpira mzito, katikati limefungwa fremu ya chuma, na nahodha anakaa juu ya fremu hiyo akiwa na makasia mawili marefu. Mbele kuna mahali pa kubana mapaja ili mvuvi asimame bila kuyumba, na nyuma kuna kiti cha mwenzake. Tulivishwa jaketi okozi kabla ya kugusa maji, na nahodha alikagua kila mkanda kwa mkono wake. Nilidhani kazi yake itakuwa kutusukuma mbele. Kumbe kazi yake kubwa ni kinyume. Anaangalia mto unakokwenda, halafu anavuta makasia kurudi nyuma, ili maji yakimbie na boti lisiyafuate. Mapovu yanatupita, majani yanatupita, sisi tunashuka taratibu kama mzee anayeteremka ngazi. Kwa hiyo unapata nafasi ya kutupa nzi kando ya mwamba mara mbili au tatu kabla mwamba haujabaki nyuma.

Nahodha wetu ni kijana wa Kisoga, amezaliwa kijiji cha ukingoni, na babu yake alikuwa mvuvi wa mto huu huu. Kama kuna kitu kimoja nilicholipia kikastahili kila shilingi, ni yeye. Alikuwa akinyamaza dakika nzima anayasoma maji, kisha ananyoosha kidevu: pale. Nami nilikuwa naona maji tu. Baadaye akatueleza kwamba tutafute mstari ambapo maji ya kasi yanagusana na maji tulivu, nyuma ya mwamba au pembeni ya mkondo. “Samaki anakaa kwenye maji ya pole, hachoki,” alisema. “Chakula kinapita kwenye maji ya mbio. Wewe, mzee wangu, weka chakula mpakani.” Kuanzia hapo nikaanza kuuona mto kwa namna nyingine, na hadi leo nikipita darajani nautafuta ule mstari.

Kwa ambaye hajawahi kuvua hivi, uzito hauko kwenye ndoano. Nzi wa bandia ni manyoya na nywele zilizofungwa kwa uzi juu ya ndoano, hana uzito wa kumfikisha popote. Uzito uko kwenye mshipi wenyewe, ambao ni mnene na umepakwa plastiki. Unaurusha nyuma, unausubiri unyooke hewani, ndipo unausukuma mbele. Kosa letu lilikuwa haraka. Mwalimu aliupeleka ufito mbele kabla mshipi haujanyooka nyuma, ukalia pwaa kama mjeledi wa mchunga ng'ombe, na nahodha akatuambia kwa upole kwamba sauti hiyo maana yake nzi amekatika na kuruka. Walikatika watatu. Hakutuhesabia, hakukunja uso. Kila mara alikuwa anafunga mwingine kwa vidole vile vile vilivyokuwa vimekufa ganzi kama vyetu, analilowesha fundo kwa mate kabla ya kulikaza ili uzi usiungue, anasema, “Hesabu moja, mbili, halafu tupa.”

Nzi wa kuvulia sangara walikuwa na urefu wa kidole, nywele nyeupe, nyuzi chache za kung'aa ubavuni, na macho mawili ya chuma yanayomfanya azame kichwa chini. Mwalimu alimweka mmoja kiganjani akasema, “Ndugu yangu, huyu si nzi. Huyu ni dagaa.” Ndiye haswa, ameigizwa dagaa, yule tunayemwita mukene huku Uganda. Wa kuvulia kisinja, samaki mwenye sharubu wa mto huu, walikuwa wadogo na weusi, mfano wa wadudu wa majini wanaokaa chini ya mawe.

Sasa kuhusu baridi na samaki. Maji ya Nile hapa yanatoka Ziwa Victoria, na ziwa kubwa kiasi kile halipoi kwa mvua ya usiku mmoja. Ukitumbukiza mkono alfajiri unakuta mto una joto kuliko hewa, ndiyo maana ukungu unapanda juu ya maji kama mvuke wa sufuria. Nahodha alisema siku za mawingu anazipenda, kwa sababu sangara huwinda zaidi mwanga ukiwa hafifu, na asubuhi ya mawingu ni alfajiri iliyorefushwa. Katika nchi za theluji wavuvi wa namna hii hupambana na barafu inayoziba vile vipete vya ufito ambamo mshipi hupita. Sisi shida yetu ilikuwa miili yetu tu.

Kisinja wa Mwalimu alikuja saa tatu na robo. Mshipi ulisimama, tukadhani umekwama kwenye jiwe, kisha jiwe likaanza kupanda mto. Ufito ulijikunja mpaka kwenye kishikio. Nahodha akaliingiza boti nyuma ya mwamba kwa mikono miwili ya kasia, akalituliza pale, na Mwalimu akapambana pengine dakika tano, midomo imekauka, hasemi. Alipomleta ubavuni tuliloweka mikono kwanza, maana mkono mkavu unamvua samaki ule ute unaomlinda. Alikuwa na magamba makubwa yenye rangi ya dhahabu iliyochanganyika na kijani, midomo minene, na sharubu nne fupi pembeni ya mdomo. Kale kajino ka ndoano nahodha alikuwa amekabana kwa koleo tangu asubuhi, kwa hiyo ilitoka bila kuchana. Mwalimu alimshikilia akiwa ameelekea mkondo, mkono mmoja chini ya tumbo, mwingine kwenye shina la mkia, mpaka samaki mwenyewe alipojisukuma na kwenda.

Mwalimu amefundisha historia maisha yake yote, na pale pale akakumbuka kwamba mpelelezi Mwingereza Speke alipofika maporomoko ya Ripon mwaka 1862 aliandika habari za samaki waliokuwa wakiruka maporomoko kwa maelfu. Nahodha naye alisikia kwa babu yake kwamba visinja walikuwa wakiruka pale Ripon. Maporomoko hayo yalimezwa na bwawa la Owen Falls, leo Nalubaale, lililokamilika 1954. Bujagali nikayaona mimi mwenyewe nikiwa kijana, kisha nayo yakafunikwa na bwawa lililozinduliwa 2012. Chini zaidi likaja la Isimba mwaka 2019. Kilichobaki kinanguruma ni kipande hiki cha katikati chenye maporomoko ya Kalagala na Itanda. Nimekulia mji huu. Kumwona kisinja hai kwenye maji yanayokimbia, mkononi mwa rafiki yangu, kulinigusa sana.

Mimi nilipata sangara mmoja wa sentimita 58. Kwa samaki anayeweza kupita kilo 100, huyo ni mtoto, naye tulimrudisha. Nilimpata baada ya maji kupanda. Karibu na saa sita nahodha alilitazama jiwe ambalo asubuhi lilikuwa kavu, sasa limebaki mgongo tu, akasema, “Wamefungua.” Mto huu unaongezeka na kupungua kwa jinsi mitambo ya umeme ya juu inavyopitisha maji, na mahali palipokuwa pazuri saa tatu panaweza kuwa pabaya saa sita. Mpiga kasia asiyejua hilo atakupitisha siku nzima kwenye maji matupu.

Baada ya chakula ndipo mambo yalipoharibika. Chakula kilikuwa rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, mayai mengi, nzuri, ila imepoa. Chai ilikuwa vuguvugu. Mvua ikaja ya kweli, na koti la Mwalimu, lile lililochanika, likaingiza maji hadi kwenye fulana. Alianza kutetemeka. Nikamwambia afunge jaketi, nikaona mikono inapapasa kifungo bila kukipata, na maneno yake yanaburuta. Nahodha hakuuliza mtu. Alivuka mkondo mpaka kwenye kisiwa chenye kibanda cha wavuvi, akatoa sweta yake kavu kwenye mfuko usioingia maji, akamvua Mwalimu nguo mbichi kwa heshima kama anayemhudumia baba yake, akamvika. Wenye kibanda walitupa nafasi kando ya jiko la mkaa na vikombe vya plastiki vya chai ya rangi, sukari nyingi. Tulikaa saa nzima. Hawakutaka pesa, Mwalimu akaacha mfuko wake wa kahawa ya Bukoba aliokuwa ameniletea mimi.

Hili ndilo ninalolilaumu. Kampuni sitaitaja, ila nililisema kwao waziwazi kesho yake: ukimwahidi mtu wa miaka sitini koti la mvua, mpe koti linalozuia mvua. Meneja aliomba radhi bila kujitetea na jioni hiyo hiyo akanirudishia shilingi 100,000 kwa simu. Wiki mbili baadaye nahodha alinitumia picha ya makoti mapya yametundikwa ukutani. Nimeridhika, na ningelipa tena.

Ukienda miezi hii, usitegemee nguo za mtu. Vaa sweta ya sufu, maana sufu hata ikilowa inabakiza joto. Jinzi na fulana za pamba ziache nyumbani, zinanywa maji na kukaa nayo. Nguo kavu ya kubadilisha funga kwenye mifuko miwili ya plastiki. Beba chupa yako ya chai, uijaze mwenyewe. Miwani vaa hata kama macho yako ni mazima, kwa sababu ndoano inapita karibu na uso kila unaporusha. Tena ukishuka, shukia kwenye miamba yenye maji ya kasi, usikanyage pembeni kwenye majani na maji yaliyotulia. Huko ndiko kwenye konokono wa kichocho. Sisi tulikanyaga kisiwani, kwa hiyo tulikwenda kliniki baada ya wiki sita kama tulivyoshauriwa, tukameza praziquantel. Na unapoweka nafasi, uliza nani atashika kasia na amekulia wapi.

Safari iliishia juu ya Itanda, saa kumi jioni. Sauti yake unaisikia muda mrefu kabla hujaiona, na boti halivuki pale.

Juzi nimepokea kifurushi kutoka kwa kondakta wa basi la Mutukula. Ndani kulikuwa na kopo la dawa ya kikohozi lililosafishwa, na ndani ya kopo nzi wanne, wamefungwa kwa manyoya ya jogoo wa Mwalimu na uzi mweusi wa cherehani. Mmoja ana macho ya shanga. Karatasi ilisema niwaonyeshe nahodha kwanza, na niweke nafasi ya wiki ya pili ya Julai.