Mbayuwayu wangu watatu wa kauri kutoka Caldas da Rainha

Safari yangu ya kwanza Lisbon niliuziwa mbayuwayu wa ukutani kwenye duka la watalii, nikaambiwa ni kauri ya mkono. Miezi miwili baadaye rangi ya bawa ikaanza kubanduka kama ganda la kitunguu, chini yake plastiki. Iliniuma, maana nilimpenda yule ndege.

Mwaka huu nikapanda basi hadi Caldas da Rainha, mji wa wafinyanzi. Huko ndiko mchora vikatuni Rafael Bordallo Pinheiro alikoanzisha kiwanda cha kauri mwaka 1884, akafinyanga vyura, paka, nyigu, hata bakuli za umbo la kabichi. Ila mbayuwayu ndio wanaonigusa. Ndege huyu hurudi kwenye kiota chake mwaka hadi mwaka, na Wareno, ambao ndugu zao wengi wamehamia ng'ambo, humtundika ukutani kama alama ya nyumbani. Mimi mtoto wa Tanga ninayeishi Ulaya, sikuhitaji kuelezwa zaidi.

Nilinunua kwenye karakana ndogo ya mama mmoja na binti yake. Waliniruhusu kutazama. Udongo hukandamizwa kwa dole gumba ndani ya kalibu ya plasta, nusu mbili zikaunganishwa kwa uji wa udongo, kisha mshono ukafutwa kwa sponji yenye maji hadi usionekane. Ndege akishakauka huchomwa, hutoka tanurini mkavu, hana mng'ao. Ndipo hupakwa rangi na glezi, yaani uji wa kung'arisha kauri, akarudishwa motoni. Moto huo wa pili huyeyusha glezi ikawa kioo juu ya udongo, ndiyo maana rangi haibanduki. Binti bado anajifunza: mgongo mweusi anapaka yeye, lakini wekundu wa shingo mama hajamwachia.

Nililipa euro 66 kwa watatu. Si bei ndogo, lakini nimeona saa zilizoingia humo. Hawafanani: mmoja mkia umepinda kidogo kushoto, mwingine alama ya brashi inaonekana tumboni. Ukimgonga kwa ukucha analia kama kikombe, yule wa plastiki alikuwa bubu. Kasoro ni mbili. Tundu la kutundikia ni dogo mno kwa msumari wa kawaida, na walifungwa kwa gazeti tupu, hivyo beba nguo laini za kuwafungia.

Nawaomba mnaokwenda Ureno mnunue kwa mafundi wenyewe. Ufinyanzi mweusi wa Bisalhães, kaskazini, UNESCO iliuweka mwaka 2016 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, kwa kuwa wafinyanzi wamebaki wachache na vijana hawaingii.

Wangu wako juu ya mlango wa sebule, mdogo mbele. Nimeacha nafasi ya wa nne, na nimeshamwambia yule mama nitamchukua wa kwanza ambaye binti atampaka shingo.