Kibana springi chenye pini: nimekifunga kwenye Corolla 110, tazameni

Haya wadau, karibuni tena uani kwangu hapa Chumbageni, Tanga, na hizo kelele za bajaji nje mtanivumilia. Corolla iko juu ya stendi, tairi za mbele zimetoka. Shokapu zenyewe sizielezi, mnazijua: zikivuja mafuta gari inadunda, unabadilisha kushoto na kulia kwa pamoja, imeisha hiyo. Leo ni zamu ya hiki kidude, kibana springi: kinaibana springi inayozunguka shokapu ili uifungue bila kukurukia.

Dogo, sogeza kamera. Karibu zaidi, waone hii pini. Ndoano inashika waya wa springi, halafu pini inapita kwa mbele na kufunga njia. Kabla sijakaza, naisukuma ndoano kwa bisibisi. Haitoki! Vile vya bei chee ndoano iko wazi. Na springi iliyobanwa imebeba nguvu ya mamia ya kilo, ikichomoka haikuulizi jina.

Sasa oneni. Viko viwili: kimoja nakiweka upande huu wa springi, cha pili mkabala wake kabisa. Ndoano ya juu na ya chini ziachane kadiri zinavyofika. Nakaza kidogo huku, nahamia kule, narudi. Spana ya mkono, jamani, msilete mashine ya kufungulia tairi, inakula nyuzi za skrubu. Sikilizeni... tik, tik. Springi inaingia taratibu. Haya, shika kikombe cha juu, hiki kinachoikandamiza springi. Kinacheza, eeh? Maana yake springi haikisukumi tena, na hapo ndipo unafungua nati ya kati inayokishika. Kabla ya hapo usiiguse hata kwa mzaha!

Kuna wanaofunga springi kwa waya wa kufungia nondo. Mafundi wa Ngamiani nawaheshimu, wamenifundisha mengi, lakini kwa hilo nakaa mbali.

Lawama moja: skrubu imekuja kavu, grisi hata ya kulamba haina. Kwa hewa hii ya chumvi, kiache stoo hivyo uone kutu. Boli za chini zinazoshika shokapu zenyewe nimezilowesha dawa ya kutu tangu jana usiku, na bado zimenitoa jasho. Halafu wekeni alama kabla ya kuzitoa, na mkimaliza pelekeni gari alaimenti, wakanyooshe mkao wa tairi, la sivyo tairi zitalika upande.

 

Bei. Nilikichukua shilingi 65,000, nikakitaja kwenye live, juzi jirani yangu kaenda duka lile lile kaambiwa 80,000! Basi nabadilisha maneno: mwanzoni nilitaka kila mmoja wenu awe nacho, sasa nasema changeni watu watatu wanne wa mtaa mmoja. Shokapu hubadilishi kila mwezi. Ila kwa 80,000 kisicho na pini, mwachieni mwenyewe.

Na yule mjomba wa Bagamoyo anayeuliza kuhusu Hilux yake ya zamani ya 4x4: mbele una tosheni baa, yaani chuma kinachojisokota badala ya springi ya kuzunguka, au springi za bapa, na nyuma springi za bapa. Hiki kidude hakikuhusu, nunua grisi.