Pochi ya kripto ndani ya kivinjari: raha yake, na haya maneno 12

Assalaam alaykum watazamaji wangu, wa Unguja na wa Pemba, na nyie mlioko Muscat mnaotuangalia mkitoka kazini. Karibuni tena. Kabla sijasahau, mlioniuliza mbona wiki iliyopita sikuweka video: maikrofoni iliniharibikia, nimepata nyengine Darajani. Kama leo sauti inasikika vizuri niandikieni hapo chini. Haya, twende.

Leo nimekuja na kitu nilichokaa nacho wiki tatu nzima. Kivinjari cha Brave, na hasa ile pochi ya kripto, yaani ya sarafu za mtandaoni, iliyomo ndani yake. Kivinjari chenyewe sitakieleza, nusu yenu mnacho tayari kwa sababu kinazuia matangazo na bando linadumu. Mie nataka hii pochi. Tizameni hapa juu kulia, hichi kialama kidogo. Nakibonyeza. Imefunguka. Sikupakua kitu, sikutafuta kitu.

Nyie mnaona jambo dogo, lakini mie nimefurahi mno, na nitawaambia kwa nini. Tangu 2016 watu wengi wamekuwa wakitumia pochi ya MetaMask, na MetaMask ni kiendelezi, yaani kitu unachokiongeza mwenyewe kwenye kivinjari. Sasa mtu wetu anaingia mtandaoni, anaandika jina, yanakuja majibu kumi, na moja ni la tapeli. Nembo ile ile, rangi ile ile. Anaweka, kinamuuliza maneno yake ya siri, haya 12 nitakayowaonyesha, anayaandika, na hela zake zinahama hapo hapo. Brave nao mwanzo walikuwa na pochi iliyotokana na MetaMask hiyo hiyo. Novemba 2021 wakaleta hii ya kwao, imejengwa humu humu ndani, kwanza kwenye kompyuta, kisha kwenye simu. Huna pa kwenda kuitafuta, basi na tapeli mlango huo mmoja amefungiwa.

Ndiyo, najua, kuna watakaonikumbusha ya Juni 2020. Ni kweli. Ukiandika anwani ya tovuti ya Binance, soko la sarafu za kripto, kivinjari kilikuwa kinaimalizia kwa kutia msimbo wa kamisheni yao wenyewe. Watu wakapiga kelele, na Brendan Eich, mkuu wao, yule aliyebuni JavaScript, lugha ya kuandikia programu, akaomba radhi na wakakitoa. Mie sikusahau. Ndiyo maana nafurahi kwamba msimbo wa programu yao uko wazi, yeyote mwenye ujuzi anaweza kuusoma.

Sasa nikae hapa kwenye jambo lenyewe, msiniondokee.

Wengi mnadhani sarafu zinakaa ndani ya pochi. Hazikai. Sarafu ni hesabu tu, na hesabu hizo zimeandikwa kwenye blokicheni, yaani daftari la pamoja lililoko kwenye maelfu ya kompyuta duniani. Kilichomo ndani ya pochi ni funguo. Mama yangu ana sanduku la njumu, lile la kizamani, ukivuta kibao cha ndani kuna visanduku vya siri. Humo hakuweka shamba la mikarafuu, shamba liko Pemba. Ameweka hati, imezungushiwa nailoni, juu yake kanga. Mwenye hati ndiye mwenye shamba. Pochi ya kripto ni sanduku lile.

Haya, natengeneza pochi mpya mbele yenu. Tupu kabisa, haina hata senti, na nikimaliza naifuta, ndiyo maana nathubutu kuionyesha. Nyie ya kwenu msimwonyeshe mtu. Kwanza inataka nenosiri. Naandika. Kisha inaniletea haya hapa, maneno 12, na haya ndiyo ile hati yenyewe. Kwenye kamera nimeyafunika manne, lakini mnaona mfano wake. Yote Kiingereza.

Na hapa ndipo ninapokereka, tena sikereki na Brave peke yao. Huu ni utaratibu wa pochi takriban zote, umeanza 2013. Kuna orodha moja ya maneno 2048, la kwanza ni abandon, la mwisho ni zoo, na pochi inakuchagulia 12 humo kwa bahati nasibu. Pochi nyengine zinatoa 24. Orodha rasmi ipo kwa Kijapani, Kikorea, Kichina, Kihispania, Kifaransa, Kitaliana, Kicheki na Kireno. Kiswahili hakimo! Wazungumzaji tumejaa kutoka Lamu hadi Kongo, na hakuna aliyekaa akatuandikia maneno 2048. Mle kwenye orodha mna embe, mna nazi, mna mchele, mna samaki, lakini vyote vimeandikwa kwa lugha ambayo bibi yangu wa Wete hawezi kuitamka, achilia mbali kuinakili herufi kwa herufi bila kukosea. Wataalamu wa lugha wapo, BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, wapo, watoto wa chuo kikuu chetu cha SUZA wanaosoma kompyuta wapo. Wallahi nitalisema hili mpaka litendeke.

Sasa jaribio. Mnakumbuka nenosiri niliweka mwanzo? Watu wengi wanadhani nenosiri ndiyo ufunguo. Nenosiri linafungua pochi kwenye kifaa hichi tu. Hebu tizameni: nachukua simu yangu ya pili, ile kuukuu yenye kioo cha ufa, naingia kwenye MetaMask, kampuni nyengine kabisa. Nachagua kurejesha pochi. Nenosiri langu halihitajiki, inanitaka maneno 12. Naandika moja, la pili, la tatu... nimemaliza. Ngoja. Haya. Sogezeni macho: anwani, yaani ile unayompa mtu akutumie sarafu, inaanza na 0x, jumla herufi na tarakimu 42, na nne za mwisho hapa kwenye simu, na nne za mwisho kule kwenye kompyuta. Zile zile.

Hapo nikasema subhanallah. Maana yake Brave wakifunga kampuni kesho, fedha yako haiendi nao. Unachukua karatasi yako unakwenda kwa mwengine. Mnakumbuka FTX, soko jengine la kripto, Novemba 2022? Watu waliweka sarafu zao kwenye soko lile, soko likaanguka, wakabaki kwenye foleni ya mahakama. Waliokuwa na maneno yao wenyewe mkononi, sarafu zao hazikuguswa. Kwa hiyo maneno haya yanayonikera ndiyo hayo hayo yanayonifurahisha. Naona mnashangaa nimegeuka, lakini ndivyo nilivyo leo.

Jaribio la mwisho, na hili sijaona mtu akilionyesha kwa Kiswahili. Nakosea makusudi. Neno la tano nalibadilisha, naweka jengine kutoka orodha ile ile. Imekataa, inasema maneno si sahihi. Vizuri, kwa sababu ndani ya yale 12 kuna sehemu ndogo ya kujikagua. Nabadilisha tena. Imekataa. Tena. Tena. Nimefanya hivi jana usiku kwa subira, na ya kumi na moja ikakubali! Ikanifungulia pochi. Anwani nyengine kabisa, salio sifuri. Kihesabu ni kama mara moja katika kila 16. Sasa fikirieni mtu aliyeandika karatasi yake kwa haraka, baada ya miaka miwili anairejesha, inakubali, anaona sifuri, anadhani ameibiwa. Hakuibiwa, amesoma neno vibaya. Tena herufi nne za mwanzo za kila neno kwenye orodha ile hazifanani na za neno jengine, kwa hiyo ziandikeni hizo nne wazi kama mwalimu wa skuli ubaoni.

Na andikeni kwa kalamu ya risasi. Nisikilizeni, sisi tunakaa kwenye nyumba za mawe na chokaa, wakati wa masika kuta zinatoa jasho. Mie niliandika kwa wino mwaka juzi nikaweka kabatini, nimetoa juzi, maneno matatu yamevuja yamekuwa mawingu ya buluu. Kalamu ya risasi haivuji. Nakala mbili, nyumba mbili, ndani ya nailoni. Picha ya skrini hapana. Hapana kabisa.

Kwa nini nasema hapana kwa nguvu hivi? Nina ndugu yangu, mtoto wa ami, yuko Mkoani, anatengeneza tovuti za watu wa nje, wanamlipa kwa sarafu za dola, zile ambazo moja inakusudiwa kubaki sawa na dola moja. Alikuwa na kama 400 hivi. Maneno yake aliyapiga picha ya skrini, yakakaa kwenye simu ile ile yenye pochi. Siku anavuka kuja Unguja, bahari imechafuka, amesimama ubavuni mwa boti anapiga video, simu ikamtoka mkononi. Kwenye mkondo wa Pemba, huko hakuna wa kupiga mbizi. Hela haikuzama, msinielewe vibaya. Ile anwani ipo, yeye anaikumbuka kwa sababu alishawatumia wateja wake kwenye barua pepe. Anaiandika kwenye tovuti ya kukagulia blokicheni, na dola zake anaziona pale, tarehe zilipoingia, saa na dakika. Mimi naziona, na wewe ukipewa anwani utaziona. Hakuna anayeweza kuzitoa. Si yeye, si kampuni ya pochi, si polisi. Alinionyesha kwenye kompyuta yangu hii hii, akanyamaza muda mrefu.

Wapinzani, haraka. Opera, kivinjari chengine, wao wamekwenda njia nyengine. Pochi kwenye kivinjari walianza nayo 2018, na Septemba 2023 wakaleta pochi ya MiniPay ndani ya Opera Mini, kivinjari chao chepesi cha simu, wakianzia Nigeria, kisha Kenya, Ghana na kwengineko. Pale unatumia namba ya simu, na nakala ya ufunguo inahifadhiwa kupitia akaunti yako ya Google. Huandiki maneno 12 mwanzoni. Kwa bibi yangu wa Wete hiyo ni nyepesi, nakiri. Lakini akaunti ya Google ikipotea na hukufanya hifadhi nyengine, umerudi pale pale. Mie binafsi bado napendelea karatasi yangu. Mwengine atachagua tofauti na sitagombana naye.

Bei. Pochi ni bure. Unapotuma ndipo unalipa, na unaulipa mtandao wenyewe. Kwenye mtandao wa Ethereum ada hupanda watu wakiwa wengi, mwaka 2021 kulikuwa na siku unalipa makumi ya dola kutuma kitu kidogo. Kwenye mtandao wa Solana, ambao nao umo humu, kwa kawaida ni chini ya senti moja ya dola. Kwa hiyo kama mteja wako anakulipa dola 50, mwambie mtandao gani kabla hajatuma. Na ukibadilisha sarafu moja kuwa nyengine ndani ya pochi, someni ada: MetaMask kwa mfano wanakata asilimia 0.875. Si nyingi, lakini ni yako.

Na sheria, kwa sababu kila video mnaniuliza. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo kwamba sarafu hizi hazitambuliki, fedha halali ni shilingi. Juni 2021 Rais Samia akaitaka benki hiyo ijiandae na mabadiliko haya. Kisha Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali. Kwa hiyo usiende dukani Mlandege ukataka kununua mchele kwa kripto. Na ukiwa unapata kipato hichi, weka kumbukumbu zako.

Kitu kimoja kidogo nilitaka wakirekebishe: dirisha la kuidhinisha. Tovuti ikiomba ruhusa ya kugusa sarafu zako, wakati mwengine inaomba kiasi kisicho na kikomo, na mtu anabonyeza kukubali kwa sababu kitufe kiko karibu na kidole. Punguzeni kiasi kabla ya kukubali. Nitafanya video yake peke yake, hii imeshakuwa ndefu.

Mie nabaki nayo. Nimehamisha malipo yangu ya chaneli huku tangu Jumatatu, na maneno yangu nimeyaandika mara mbili, moja iko kwangu, moja iko kwenye sanduku la mama, chini ya hati ya mikarafuu. Alipoiona aliniuliza ni nini, nikamwambia ni hati yangu mimi. Akaifunga.

Mwenye muda na anayejua Kiswahili vizuri, ile orodha ya maneno 2048 nimeanza kuiandika: maneno mafupi, herufi nne za mwanzo zisigongane. Nimefika 311. Niandikieni hapo chini tugawane herufi, mie nimeshachukua K na M.