Tovuti ya CWGC: kaburi la tabibu wa jeshi utalipata, ajali yake hutaambiwa

Ukimtafuta tabibu wa jeshi aliyefariki wakati wa vita, pa kuanzia ni tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC. Kutafuta ni bure na huhitaji kujisajili. Aliyekufa kwa ajali huandikwa sawa na aliyepigwa risasi, mradi alikuwa bado jeshini na alifariki kati ya 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921, au kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947. Akiwa nje ya tarehe hizo, usichome bando bure.

Ijaribu kwa Frederick Banting, daktari wa Kanada, mmoja wa waliogundua insulini. Andika jina la ukoo, chagua Vita vya Pili, weka mwaka 1941. Utapata cheo chake cha meja, kikosi cha matibabu cha jeshi la Kanada, tarehe 21 Februari 1941 na makaburi ya Mount Pleasant, Toronto. Kilichomuua hakimo. Hili ni daftari la makaburi, na anayelitarajia liwe la vifo atalilaumu bure.

Habari yenyewe ni hii: usiku wa tarehe 20 ndege aina ya Hudson iliruka kutoka Gander, Newfoundland, ikimpeleka Uingereza kwa shughuli za utafiti wa tiba za kijeshi. Injini zikaharibika, ikaanguka karibu na Musgrave Harbour. Wahudumu wawili wa ndege walikufa, rubani Joseph Mackey akapona, na Banting akafa kesho yake kwa majeraha.

Habari za namna hiyo zina mahali pake pengine. Kwa Mkanada, fungua tovuti ya kumbukumbu iitwayo Canadian Virtual War Memorial, ambako watu hupandisha picha na vipande vya magazeti. Kwa kumkumbuka mtu, tovuti hiyo ni bora kuliko ya CWGC. Kwa vikosi vya matibabu vya Uingereza vya Vita vya Pili, tafuta shajara za vita, yaani kumbukumbu za kila siku za kikosi, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London, fungu la WO 177. Za Vita vya Kwanza zimo WO 95. Katalogi yake ni bure, ila kuzishika karatasi zenyewe kunataka kadi ya msomaji. Nenda ukiwa na jina la kikosi na tarehe, maana shajara hupangwa kwa kikosi, si kwa jina la mtu.

Kwa majina ya kwetu, tatizo ni tahajia. Karani aliandika alivyosikia: Muhammad mmoja anaweza kuwa Mohamed, Mahomed au Muhamadi, tena bila jina la baba. Ukiwa na namba ya jeshi, anza nayo.

Kutafuta kaburi naipa nyota tano. Kueleza kifo, mbili. Kwa wabeba machela wa Kariakoo, yaani wa kikosi cha wapagazi (Carrier Corps) cha Vita vya Kwanza, naiachia nyota moja tu. Ripoti ya tume yenyewe ya mwaka 2021 ilikadiria kuwa watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kwa wale wa Afrika Mashariki kuna sanamu za Askari za Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, nazo hazina jina hata moja.